Waliomo Ndani ya Ndoto

Kwa Kiswahili mwotaji hana heshima kubwa. Ukizungumzia jambo ambalo halijakuwepo utaambiwa unaota mchana, au una ndoto za Alinacha. Huyo Alinacha wa Alfu Lela Ulela alikaa mbele ya kapu lake la vyombo vya kioo akajiona tajiri, amemwoa binti wa waziri, na anamringia. Akampiga teke yule mke wa ndotoni. Teke likaangukia kapu, vioo vyote vikavunjika.

Tunafundishwa kwamba kosa lake lilikuwa kuota badala ya kufanya kazi. Mimi naliona kosa kwenye lile teke. Alimwingiza mtu mwingine ndani ya ndoto yake, asimpe hata neno moja la kusema.

Kwetu Tarime hulifikiria hili Desemba, shule zinapofungwa na msimu wa tohara unapoanza. Katika baadhi ya koo wasichana nao hukeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18. Baba anayehesabu ng'ombe wa mahari naye ni mwotaji: anaona zizi limejaa na kijana wake ameoa. Bibi anamwona mjukuu anayeheshimiwa ukweni, asiyechekwa kisimani. Kuota hivyo hakuwafanyi wawe watu wabaya. Ila katikati ya ndoto hizo yupo msichana wa darasa la sita ambaye hakuulizwa.

Naye anaota. Pengine anaota uuguzi, pengine kumaliza shule tu. Wapo wanaotoroka usiku hadi kituo cha Masanga, Tarime, au nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti. Rhobi Samwelly, anayewapokea wasichana Mugumu, alikeketwa akiwa mdogo, akatokwa na damu nusura afe. Baadaye aliota kitu ambacho yeye hakukipata: mlango ambao msichana anaweza kuubisha.

Wapo watakaosema kwamba msichana huyo ni mbinafsi, kwamba amevunja ndoto ya ukoo mzima kwa ajili ya yake. Hoja hiyo si nyepesi, kwa sababu ni kweli kuna kitu kimevunjika, na yeye mwenyewe analipa kwa kulala mbali na mama yake. Lakini hakumlazimisha baba awe chochote. Amejitoa tu kwenye ndoto aliyoingizwa bila kuulizwa. Tofauti hiyo ndiyo inayonitosha kusema nani kati yao amepiga teke.

Msimu ukiisha, walezi wa vituo huwaita wazazi wakae na binti zao. Wapo wanaosaini ahadi ya kutomkeketa mtoto, akarudi nyumbani. Wapo wanaokataa, naye akabaki kituoni. Kwa baadhi ya familia, kikao hicho ndicho cha kwanza ambapo binti anasema anachokitaka na baba anasikiliza.

Kikuria kina neno omorooti. Ni mwotaji, na ni mtabiri pia: mtu ambaye ndoto yake iliwahusu wengine, kwa hiyo ilibidi aiseme mbele yao. Siku hizi tunaambiwa kila mahali tufuate ndoto zetu. Sawa, tuzifuate. Lakini kwanza tuhesabu waliomo ndani yake, kisha twende tukawaulize.