Mwanangu, Usiharakishe Kusema Umebadilika

Kaa, mwanangu. Kula bukari ingali ya moto, mimi nitasema polepole.

Hapa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, makanisa yamepakana, na Ijumaa usiku spika zao zinashindana mpaka alfajiri. Silalamiki. Kijana anayekesha akiomba ni afadhali kuliko anayekesha baa. Lakini baada ya kila kesha nawasikia mkisema neno lile lile: nimebadilika, mimi si yule wa jana. Mnalisema upesi mno, na mnalisema kwa maikrofoni.

Hata mimi nililisema. Nilikuwa mwimbishaji wa kwaya, na ushuhuda wangu ulijulikana hadi mtaa wa Panda. Nilikuwa nimeacha pombe, kweli kabisa, nikadhani huko ndiko kuokoka kwenyewe. Kumbe pombe ilikuwa kitu chepesi kuacha. Ilikuwa inaniumiza tumbo.

Kisha ukaja mwaka 1992. Wewe hukuwa umezaliwa. Mwezi wa Agosti, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Huku Katanga wanasiasa walikuwa wameshawafundisha vijana kuwaita Wakasai bilulu, wadudu. Watu ambao babu zao waliletwa na kampuni ya madini ya Union Minière na reli, wengi wao wamezaliwa hapa hapa wala Kasai hawaijui, walitolewa majumbani mwao. Stesheni yetu ya Likasi ikajaa. Maelfu walilala pale nje na kwenye madarasa ya shule, wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Wengine walingoja miezi. Wengine walizikwa treni haijafika.

Waliowafukuza walikuwa watu wa kanisa, mwanangu. Si wote, lakini wengi. Jumapili walikuwa benchi moja na hao hao waliofukuzwa. Hili hamwambiwi, na ndiyo maana nakuambia.

Jirani yangu alikuwa Mkasai. Sikumpiga, sikumtukana. Alikuja jioni akaniomba ninunue mashine ya kushona ya mkewe, Singer ya kukanyaga, kwa kuwa treni isingewabebea vitu vyote. Nikamtajia bei ambayo mpaka leo naona haya kuitamka. Aliitazama ile pesa kwa muda, akaikunja, akaitia mfukoni. Nikajiambia nimemsaidia. Jumapili iliyofuata nikaimbisha kama kawaida.

Mama yenu hakunihubiria. Aliifunika ile mashine kwa kitenge, akaisukuma kwenye kona, akaendelea kushona nguo za watoto kwa mkono. Miaka yote ile, sindano na uzi. Nikimuuliza, ananijibu kwamba mashine si yake. Yeye hajawahi kutoa ushuhuda. Kanisani hukaa nyuma, karibu na mlango. Nilichelewa sana kuelewa ni nani katika nyumba ile aliyekuwa ameguswa na Mungu.

Fungua barua ya Paulo kwa Wagalatia, sura ya pili. Petro yuko Antiokia, anakula meza moja na watu wa mataifa. Wanafika watu wa kwao kutoka Yerusalemu, naye anaogopa, anajitenga na meza ile. Huyo ni Petro wa Pentekoste, ambaye watu elfu tatu walibatizwa siku aliyohubiri! Paulo akamkemea mbele ya wote. Namshukuru Mungu kwamba jambo hili halikufichwa. Mtu anaweza kuwa amejazwa Roho kweli, na bado kuna chumba ndani yake ambacho hajakifungua. Mara nyingi ni cha kabila. Au ni cha pesa. Kwangu vilikuwa vyote viwili, na mlango ulikuwa mmoja.

Wazee wa mji huu watakusimulia habari za Jamaa, kundi la kiroho la Wakatoliki. Ilianzia Ruwe, karibu na Kolwezi, mwaka 1953, kwa Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ikatembea kampi kwa kampi za Union Minière hadi hapa, wakati mji huu wa Likasi ukiitwa Jadotville. Padri huyo alifika Kongo mwaka 1933, na mwenyewe alikiri kwamba kwa miaka mingi alifundisha kama bwana mkubwa mwenye majibu yote, mpaka alipoanza kuwauliza watu wanatamani nini katika maisha yao, akanyamaza awasikilize. Wasomi wanamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Wabantu. Mimi naona kubadilika kwa padri mwenyewe kulikuwa kazi kubwa kuliko kitabu.

Mtu mwenye ndoa hakuingia Jamaa peke yake. Mume na mke waliingia pamoja, hatua kwa hatua, na kubwa walilotazamwa ni namna wanavyoishi wao wawili. Mjomba wangu alikuwa mtu wa kupitisha mshahara baa kwanza. Nilikuwa mtoto nilipomwona kwa mara ya kwanza akimwaga faranga zake zote mezani mbele ya mkewe, wakazihesabu pamoja, noti kwa noti, mkewe akatoa za chakula na za shule. Hapakuwa na aliyepiga makofi. Baadaye maaskofu waliitilia shaka Jamaa, na makundi yakamegeka humo yakaenda njia zao. Hayo yana wenyewe wa kuyaeleza. Mimi nakuambia nilichokiona mezani.

Nilifanya kazi kiwanda cha shaba cha Shituru, kwenye elektrolizi. Bamba jembamba la shaba hutundikwa ndani ya beseni la asidi, umeme unapita, na shaba iliyoyeyuka inakuja kujishika juu yake. Ukisimama pale huoni kitu. Siku zinapita, kisha linatolewa bamba zito ambalo mtu mmoja halinyanyui. Ukizidisha umeme ili linenepe upesi, shaba inaota vinundu, vinagusa bamba la jirani, na kazi inaharibika. Ninyi vijana mnamwomba Mungu azidishe umeme. Mnataka upako leo, ndoa kesho, gari mwakani, na hasira mliyorithi iishe kwa kuwekewa mikono mara moja.

Mwaka 2003, kampuni yetu ya Gécamines ilipopunguza wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango wa Benki ya Dunia, nami nilikuwa miongoni mwao. Katika pesa niliyopata nilitenga tofauti kati ya ile bei na thamani halisi ya mashine. Nikaulizia kwa watu wa reli mpaka nikapata anwani, nikatuma pesa na mashine. Binti ya jirani yangu alijibu kwa barua fupi: vitu vimefika, mkanda wa mashine umekatika njiani, baba alifariki zamani. Hakuandika kwamba wamenisamehe, na mimi sikuwa na haki ya kulidai neno hilo. Mama yenu aliisoma ile barua, akairudisha kwenye bahasha, akaenda kupika sombe.

Usifikiri siku hiyo nilimaliza. Siasa zikichemka, na hapa kwetu huchemka mara kwa mara, nasikia lile neno la bilulu likiamka ndani yangu kabla sijafikiri. Zamani nisingelitambua. Sasa nalitambua, nanyamaza, naomba. Mara nyingine naomba kwa muda mrefu. Kwa hiyo ukijikuta Jumanne umerudia kosa ulilolilia Jumapili, usikimbie kanisa, wala usitafute nabii mpya. Rudi kwa yule uliyemkosea, umwambie. Hicho ndicho kipande ambacho sisi watu wa dini tunapenda kukiruka.

Basi, mwanangu, kabla hujasimama tena mbele ya watu, kaa kwanza na mkeo, au na dada yako, au na wale mnaochimba nao shimo moja na kugawana pesa ya madini. Waulize kama wana la kukudai. Wakiwa nalo, walipe wiki hii hii.