Kashata za Theluji

Gari lilitoka bandarini Dar es Salaam mwezi wa nane, Subaru Forester ya kijivu, na lilipofika Bagamoyo kila aliyelizunguka alisifu kitu kimoja: matairi. Kashata zilikuwa nene, mpira mweusi tii, ukibonyeza kwa kidole gumba unabonyea. Mwenye gari alikuwa mwalimu wa sekondari, baba wa watoto watatu, mwenye mkwe Tanga. Alikuwa ameshatenga fedha ya matairi mapya, maana ndivyo anavyoshauriwa karibu kila anayeagiza gari la mtumba kutoka Japani. Baada ya sifa zile akaona hakuna haja. Fedha ikaenda kwenye rangi ya bampa na redio mpya, kwa sababu redio ya Kijapani haifiki masafa ya stesheni zetu nyingi.

Ubavuni mwa kila tairi, kwa herufi kubwa, paliandikwa STUDLESS. Jirani mmoja mwenye kujua mambo akasema hilo ni jina la kampuni.

Si jina la kampuni. Kaskazini mwa Japani, hasa kisiwa cha Hokkaido, theluji na barafu hufunika barabara kwa miezi. Zamani madereva wa huko walifunga matairi yenye misumari midogo ya chuma inayong'ata barafu, lakini misumari hiyo ikawa inasaga lami, na barafu ikiisha vumbi lake linajaa miji na mapafu ya watu. Mwaka 1990 Japani ikatunga sheria ya kuyazuia. Wenye viwanda walikuwa wameshaanza kutengeneza tairi lisilo na misumari, ndilo hilo STUDLESS. Bridgestone walitoa Blizzak yao mwaka 1988. Mpira wake ni laini kwa makusudi, una vitundu visivyoonekana kwa macho vya kunyonya utando wa maji juu ya barafu, na kashata zake zimechanjwa mikato mingi myembamba ili zishike theluji. Umechanganywa ubaki laini hata chini ya nyuzi sifuri. Mtu wa Hokkaido huwa na seti mbili za matairi na hubadilisha majira yanapogeuka. Gari likiuzwa wakati wa baridi, huvuka bahari likiwa bado limevaa sweta.

Bagamoyo, usiku wa Julai wenye baridi kuliko zote, kipimajoto kinashuka hadi nyuzi 18 hivi. Januari mchana, lami iliyopigwa jua inaweza kupita nyuzi 50. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya barafu, ukiwekwa hapo, unalegea. Vile vipande vya kashata vilivyochanjwa chanjwa vinacheza huku na huku badala ya kusimama imara, tairi linapata joto, linaisha upesi, na gari linachelewa kusimama. Kwenye lami yenye maji ndiko kubaya zaidi, jambo ambalo wengi hawalitarajii wanapoziona kashata nene.

Mwalimu alionjeshwa mapema. Novemba, mvua za vuli zimeanza, alikuwa anarudi kutoka Dar, ameshapita Bunju, anaingia Mapinga. Daladala iliyokuwa mbele yake ikasimama ghafla kuchukua abiria. Akakanyaga breki, mguu ukahisi ile mitetemo ya breki zinazojizuia zisifunge, na gari likaendelea kwenda. Lilisimama likiwa limeugusa mgongo wa daladala, mguso wa kukwaruza tu, ukamalizwa hapo hapo kwa maneno na noti kadhaa.

Kesho yake akaenda gereji kulalamikia breki. Fundi akabadilisha pedi, ambazo hazikuwa na kosa lolote. Ndivyo tulivyo: gari likikataa kusimama tunamtafuta fundi breki, na likiyumba tunamtafuta aliyetuonea wivu. Breki kazi yake ni kulizuia gurudumu. Anayelizuia gari ni mpira unaogusa lami, na pale unapogusa, kwa kila gurudumu, ni eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Mwalimu aliondoka na pedi mpya na imani mpya, na imani ile ndiyo iliyokuwa hatari.

Desemba, shule zimefungwa, safari ya Tanga. Mkwe alikuwa amekuja kuwaona wajukuu na sasa anarudishwa kwake. Watu sita ndani ya gari la watu watano, mdogo kapakatwa, mizigo hadi dirishani, na walipofika Kiwangwa wakaongeza mananasi, maana nani anapita Kiwangwa bila mananasi? Barabara ya Bagamoyo hadi Msata ni lami nzuri ya kilomita 64 hivi, nyoofu kwa sehemu kubwa, inayomshawishi mtu asahau mguu wa kulia.

Upepo wa matairi ulikuwa haujapimwa hata baada ya ile siku ya Mapinga. Watu wa pwani tuna tatizo letu hapa ambalo mtu wa Dodoma halijui. Hewa ya chumvi inakula ringi za alumini, hasa ule ukingo tairi linapokalia, na upepo unatoka kidogo kidogo bila pancha, bila msumari, bila sauti. Kwa macho tairi la kisasa halionyeshi. Linaweza kupoteza robo ya upepo wake na bado likaonekana limesimama. Kibandiko cha Kijapani kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataja kipimo kwa kilopaskali, 220 ni psi 32 hivi, na hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Mwalimu alikuwa hajawahi kukisoma kwa sababu kilikuwa cha Kijapani, ingawa tarakimu ni zile zile.

Aliyesikia kwanza alikuwa mkwe.

"Mwanangu, gari linagonga huku nyuma."

"Ni lami tu, mama."

Haikuwa lami. Tabaka la juu la tairi la nyuma kushoto lilikuwa limeanza kubanduka kutoka kwenye nyaya za chuma zilizo chini yake, na kila lilipozunguka likapiga. Kilomita chache mbele likapasuka. Mwalimu alifanya jambo moja sahihi siku hiyo: hakukanyaga breki. Alishika usukani, akaliacha gari lipungue lenyewe, akalitoa hadi majanini. Ukanda wa mpira ulikuwa umechana fenda ya plastiki na kung'oa waya wa taa. Watoto walilia, wakanyamaza, wakaomba nanasi.

Spea ilikuwa ile nyembamba ya dharura, ambayo inataka psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Haikuwa na upepo. Pengine haikuwa nao tangu Japani. Ikapakiwa kwenye bodaboda hadi Msata kujazwa, na waliobaki wakakaa chini ya mkorosho saa mbili nzima.

Yaliyotokea pale majanini yana ndugu yake mkubwa. Agosti 2000, huko Marekani, kampuni ya Bridgestone/Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, gari la familia lililopendwa sana wakati ule. Tabaka la juu lilikuwa linabanduka gari likiwa kwenye mwendo, gari linapinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihesabu vifo 271. Matairi yale yalikuwa na kasoro yake, na kampuni hiyo na Ford zikalaumiana hadharani: mmoja anasema tairi, mwingine anasema gari na upepo mdogo ulioshauriwa. Lakini ajali nyingi zilitoka majimbo ya joto, Texas, Florida, Arizona, California, na mazingira yalijirudia: mzigo, upepo pungufu, mwendo mrefu wa barabara kuu, jua. Mwaka huo huo Marekani ikatunga sheria iliyoleta taa ya kuonya upepo kwenye magari mapya. Forester ya Mwalimu, iliyotengenezwa kwa soko la Japani, haikuwa na taa hiyo.

Fundi pancha wa Msata, kijana, alilitazama tairi lililopasuka, akalipangusa ubavuni kwa kidole chenye mate. "Shikamoo mwalimu. Umeona hapa?" Mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT palikuwa na kijidirisha chenye tarakimu nne: 3916. Wiki ya 39 ya mwaka 2016. "Hili limemzidi umri mwanao mdogo." Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita bila kujali kashata, na hata watengenezaji wa matairi wakarimu zaidi hawavuki kumi. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala.

Hapo Mwalimu alikuwa ameshapewa somo lote, bure, na mtu anayelijua. Angeweza kuishia hapo. Lakini safari ilikuwa bado, mkwe anatazama, mfuko mwepesi, na kijana alikuwa na tairi moja la mtumba lenye ringi ile ile ya inchi 16. Yaliyotoka na gari ni 215/65R16. Hili lilikuwa 215/70R16. "Linaingia," akasema kijana, na kweli likaingia.

Tuipige hesabu, kwa kuwa hakuna aliyeipiga pale. Ile 65 na ile 70 ni asilimia ya kimo cha ubavu kwa upana wa tairi. Tairi la kwanza, kwa karatasi, lina mzingo wa sentimita 215 na nusu. La pili sentimita 222. Tofauti ni karibu sentimita 7, na Subaru wenyewe, kwa magari yao yanayovuta magurudumu yote manne, hawataki mizingo itofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Kila kilomita moja, magurudumu matatu yanazunguka mara 464 na lile jipya mara 450. Kutoka Bagamoyo hadi katikati ya Dar, kwa kilomita 65 tu, ni mizunguko zaidi ya 900 ambayo lazima imezwe na kitu fulani. Kinachoimeza ni difu ya nyuma, pamoja na sahani za klachi zilizo ndani ya gia boksi, zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Sahani zile zimekusudiwa kuteleza kidogo, kwa muda mfupi, kwenye kona au matope. Mwalimu alizitelezesha kwenda Tanga na kurudi, halafu kila siku ya kazi.

RAV4 na X-Trail nyingi huvumilia zaidi kidogo, kwa sababu mara nyingi zinakwenda kwa magurudumu ya mbele na kuyaita ya nyuma yanapohitajika. Huvumilia, sikusema husamehe. Harrier nyingi zilizopo mjini ni za magurudumu mawili tu, na wenyewe wanaweza kubadilisha jozi jozi bila hofu hii.

Dalili zilianza Februari. Akikata kona kali kuingia sheli, gari lilitetema na kujivuta kama lililoshikwa kwa nyuma. Baadaye harufu. Baada ya Pasaka, katikati ya masika, fundi mmoja wa Tegeta akatoa oili ya gia boksi, nyeusi, inanuka kuungua, akaanza kuzunguka gari akisoma matairi kabla hajasema neno. Gia boksi ya mtumba ikanunuliwa Gerezani, Kariakoo. Bei yake ingenunua seti kadhaa za matairi mapya. Fundi akakataa kuifunga hadi matairi yote manne yabadilishwe, na kwa msimamo huo anastahili heshima kuliko wengi wa kazi yake.

Sasa ilibaki kuchagua. Rafiki mmoja akamshauri matairi ya meno makubwa, kwa sababu siku moja familia ingetaka kwenda Saadani, na udongo mweusi wa kule ukinyeshewa hauna mchezo. Mwalimu alipoulizwa mara ngapi amekwenda Saadani, akacheka. Gari lake linaishi kwenye lami ya Bagamoyo na Dar, na mchanga kidogo wa mtaani. Meno makubwa yangemletea kelele, mafuta zaidi, na breki dhaifu kwenye lami yenye maji, pale pale Mapinga. Akataka tairi la kawaida la barabarani, 215/65R16, lenye alama 98H: 98 ni uzito wa kilo 750 kwa tairi moja, H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Yale ya theluji yaliandikwa Q, mwisho wake 160.

Dukani akainama na tochi ya simu.

"Mwalimu, unatafuta nini? Ni jipya hilo, lina vinyweleo vyake."

"Natafuta lilizaliwa lini."

1219. Machi 2019, miaka mitano imepita, limekaa karibu na mlango, jua la mchana linaliingia. Jipya, na karibu limezeeka. Akaomba mengine. Muuzaji akaguna, akamwita kijana wake apande stoo ya juu, na Mwalimu akamwambia ateremshe manne yaliyotengenezwa wiki moja, na kama hayapo, atasubiri.