Mwezi Waanguka Wala Haufiki



Akiwako miongoni mwetu amwambiaye mwanawe kuwa elimu ya mvuto na mizunguko ya mbinguni ni elimu ya makafiri, imharibiayo kijana dini yake, basi na alipime neno lake kabla hajamtoa mtoto darasani.

Simama ukingoni mwa Menengai uliachie jiwe. Katika sekunde ya kwanza litashuka kiasi cha mita 5. Ukilirusha mbele litashuka kiasi kile kile, ila litaangukia mbali zaidi. Sasa fahamu kuwa ardhi ni mviringo: ukenda kilomita 8 pasipo kupinda, uso wa ardhi umekwisha kuinama chini yako mita 5 zizo hizo. Lau jiwe lingerushwa kilomita 8 kwa sekunde, na hewa isilizuie, lingeanguka daima na lisifike chini. Huko ndiko kuzunguka.

Na mwezi hali yake ni hiyo. U mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000, mara 60 ya umbali ulio baina ya miguu yetu na kiini cha ardhi. Newton alibainisha mwaka 1687 kuwa umbali ukizidi mara 60, mvuto hupungua mara 60 kwa 60, yaani 3,600. Kwa hiyo jiwe hushuka mita 5, na mwezi, katika sekunde hiyo hiyo, huvutwa kwetu milimita 1 na kitu. Kanuni haikupendelea jiwe wala mwezi. Ni moja, kwani Aliyeiweka ni Mmoja.

Wala mambo haya si ya ng'ambo tu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, chombo kilichoitwa Uhuru kilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, karibu na Malindi, ili kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Hapo ni karibu na ikweta, na ardhi izungukapo hukiongezea chombo mwendo wa karibu nusu kilomita kwa sekunde. Kikawa kikiizunguka ardhi kwa dakika 96 hivi. Lakini hewa nyembamba ya juu ikakipunguzia mwendo kidogo kidogo, hata mwaka 1979 kikaanguka.

Karne ya 14, Ibn al-Shatir alikuwa mwangalizi wa nyakati za sala katika Msikiti wa Bani Umayya, Damascus. Naye ndiye aliyetengeneza hesabu za mwendo wa mwezi zilizo bora kuliko za Ptolemy. Hakuuacha msikiti kwa ajili ya nyota, wala hakuziacha nyota kwa ajili ya msikiti.

Wako pia waliojifunza kanuni wakadhani hapana haja ya Mwenye kuiweka. Hao nao wamekosa, kwani kuijua njia ipitwayo na mwezi si kumwondoa Aliyeupitisha.

Enyi wazazi! Chombo kikikosa mwendo huanguka, na kikikosa mvuto hupotelea gizani. Basi mpeni mtoto, wa kiume na wa kike, vyote viwili: chuo kimshikacho na skuli impelekayo mbele.

Wabillahi taufiki.