Baraza na Chumba cha Ndani
Wazee wetu wa pwani, walipojenga nyumba, walitanguliza baraza mbele ya mlango, jirani apate kuketi, anywe kahawa na kuzungumza hata magharibi. Lakini chumba cha ndani kilikuwa na staha yake, wala hakukiingia mtu bila ya kupiga hodi na kuitikiwa. Intaneti ya nyumbani isiyo na waya nayo yataka adabu iyo hiyo. Mawimbi yake hupenya ukuta. Humfikia jirani, humfikia na mpita njia. Aingiaye bila ya idhini hamalizi kifurushi chako tu. Akitenda ovu humo, shaka ya kwanza itakuangukia wewe.

Basi badili nywila iliyokuja na ruta. Chagua iliyo ndefu, isiyo jina la mtoto wala nambari ya simu. Washa usimbaji ulio imara, ufichao data zako. Na mgeni mfungulie mtandao wa wageni, uliotengwa na wako. Huko si ubahili. Huko si uadui. Ni kuhifadhi amana: picha za watoto, barua za kazi, siri za waliokuamini.

Tuondokapo kwenda kazini, tulichukue hili: ukarimu wa kweli ni ule mtu autoao kwa hiari yake, akimjua anayempa.