Machimbo Yaliyo Darasani



Hadhrat Abu Huraira r.a. amesimulia kwamba Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. aliwafananisha watu na machimbo, kama yalivyo machimbo ya dhahabu na ya fedha, na akaeleza kwamba waliokuwa bora kabla ya Uislamu ndio watakaokuwa bora ndani ya Uislamu, ikiwa watapata ufahamu wa dini. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Mimi niliisoma ng'ambo, Jamia, nikaihifadhi kwa ajili ya mtihani. Lakini sikuielewa sawasawa mpaka nilipofika Rwamgasa, katika Geita, ambako kila mtoto ajua kwamba dhahabu haitoki ardhini ikiwa inang'aa. Hutoka imefichwa ndani ya jiwe. Jiwe huvunjwa, husagwa katika karasha, unga wake huchenjuliwa kwa maji mwaloni, na mwisho hutiwa zebaki ipate kuzishika chembe. Asiyeijua kazi hiyo aweza kulikalia jiwe lenye mali kama kiti, akaondoka zake.

Sasa litazame lile neno "ikiwa". Kipawa hutoka kwa Mwenyezi Mungu, lakini ufahamu hutafutwa, na mtoto hawezi kuutafuta peke yake. Walimu wengi, nami nikiwa mmoja wao, tumezoea kusema juu ya mwanafunzi hodari: "Huyo atajiendea mwenyewe." Nguvu zetu zote twazipeleka kwa walio nyuma, na huku twajiona tumetenda haki.

Nitasema yaliyonifika. Katika vipindi vya dini vya shule ya sekondari alikuwamo kijana wa Kidato cha Pili aliyekuwa akimaliza zoezi kabla mimi sijamaliza kuliandika ubaoni. Kila mara nilimwambia akunje mikono, angoje wenzake. Nilidhani namfundisha adabu. Mwaka ukapita hivyo. Baadaye akaanza kukosa siku moja kwa juma, kisha tatu, na siku moja nikamkuta mwaloni, mikono mitupu, akikamua katika kitambaa donge la dhahabu na zebaki. Pale pale, bila ya karatasi, aliwagawia watu mafungu yao, mwenye duara fungu lake, mwenye karasha lake, na wavuta kamba lao, wala hakuna aliyebisha. Nikamwuliza mbona haji shule. Akanijibu kwa heshima: "Shikamoo, Sheikh. Shuleni nangoja tu. Hapa singoji."

Sikuwa na la kusema. Ni mimi niliyemfundisha kungoja.

Na msomaji asidhani kwamba hasara ni ya masomo peke yake. Donge lile huwekwa juu ya moto ili zebaki itoke iwe mvuke, na mvuke huo huingia mapafuni, ukafika katika mishipa ya fahamu na ubongo, na mwenye umri mdogo ndiye hudhurika zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki walifika Rwamgasa hii hii kuichunguza kazi hiyo. Basi akili ile ile aliyojaliwa na Mola wake ndiyo inayochomwa motoni kwa ajili ya chembe chache za dhahabu.

Mtukufu Mtume s.a.w. hakuwatenda vijana hivyo. Alipohamia Madina, aliletewa mtoto wa miaka kama kumi na mmoja, Zaid bin Thabit r.a., akasifiwa kwake kuwa amehifadhi sura kadhaa za Kurani Tukufu. Je, alimpapasa kichwa tu akamwacha aende? La! Alimwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa barua zao zilihitaji msomaji mwaminifu, na Zaid akayamudu katika muda wa nusu mwezi hivi. Kijana mwepesi alipewa kazi nzito. Na katika ukhalifa wa Hadhrat Abu Bakr r.a., ilipotakiwa kuikusanya Kurani Tukufu iwe mahali pamoja, ni Zaid huyo aliyekabidhiwa.

Wako watakaosema kwamba huu ni upendeleo. Neno hilo si geni. Hadhrat Umar r.a. alipokuwa akimketisha kijana Ibn Abbas r.a. barazani pamoja na wazee wa Badr, baadhi yao walinung'unika, wakasema nao wanao watoto kama yeye. Hadhrat Umar aliwauliza wote maana ya Sura An-Nasr. Wazee wakajibu kwa maana ya juu juu, wengine wakanyamaza. Kijana akasema kwamba humo mna habari ya kukaribia kufariki kwa Mtume s.a.w. Manung'uniko yakaisha. Kurani Tukufu imetuamuru katika Sura An-Nisaa, aya ya 59, kwamba amana zipewe wanaozistahiki. Asiyemudu kusoma astahiki subira yetu, na anayemudu upesi astahiki kazi zaidi. Kuwapa wote kipimo kimoja si uadilifu, ni uvivu wa mwalimu.

Katika Jumuiya yetu tunaye Dokta Abdus Salam, aliyezaliwa 1926 akakulia Jhang, mji mdogo wa Punjab. Akiwa na miaka kumi na minne alishinda wote katika mtihani wa jimbo. Lakini tusisahau namna alivyofika Cambridge mwaka 1946. Palikuwa na fedha zilizochangwa kwa ajili ya vita; vita vikaisha, zikageuzwa kuwa msaada wa masomo kwa watoto wa wakulima wadogo. Yeye akapata nafasi mwaka ule ule. Wenzake walioambiwa wangoje mwaka wa pili hawakwenda tena, kwani 1947 India iligawanyika. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1979 ilipita katika tundu jembamba kiasi hicho! Yeye aliielewa siri hiyo, ndiyo maana fedha za tuzo alizitoa kuwasaidia wanafunzi.

Twaweza nini sisi wa vijijini? Ada ya sekondari za serikali hadi Kidato cha Nne iliondolewa tangu 2016, kwa hiyo mlango si ada tena. Mlango ni ule ujira wa mwaloni anaourudisha nyumbani jioni, na kwa binti ni vitumbua anavyotembeza machimboni wakati wa masomo ya jioni. (Mabinti hodari twawaona hata kwa shida, kwa kuwa hawaulizi maswali mbele ya wavulana. Yafaa tuwatafute katika madaftari yao.) Mwalimu ampe mwepesi mitihani ya miaka iliyopita, ampe kitabu cha kidato cha mbele, na asimgeuze kuwa msaidizi wake wa kusahihisha. Amweleze mapema habari za shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha na Tabora, ambazo wazazi wengi wa hapa hawajapata kuzisikia. Na msikiti uwe na taa na meza.

Nilikwenda kwa baba wa kijana yule. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sheikh, akiacha mwalo, chumvi atanunua nani?" Swali la haki. Nikarudi nalo kwa wanajumuiya baada ya sala ya Ijumaa, na watu watatu, mmoja wao muuza mbogamboga, wakakubali kuibeba ile chumvi, pamoja na mafuta na sabuni. Sasa yuko Kidato cha Nne. Jioni husoma msikitini, na ninapompa zoezi humpa mawili. Mikono ingali humtetemeka kidogo aandikapo. Mtihani wake ni Novemba. Mwombeeni.