Mwenzako Akinyolewa



Mara nyingi tumemwona mtu akisimama kanisani kutoa shukrani: kazini kwao watu wamepunguzwa, lakini yeye Mungu amemwacha. Nasi sote huitika Amina. Si vibaya kumshukuru Mungu kwa riziki. Hata hivyo, baada ya Amina hiyo hubaki swali. Wale waliopunguzwa ni nani kwetu? Tunadaiwa nini na mwenzetu wa kazi anapopoteza kazi yake, hasa ikiwa yeye hakutujali siku za shida yetu?

Na tutazame jambo lililotokea Marekani, katika shirika la ndege la Northwest. Tumechagua jambo la mbali kwa sababu la mbali hutazamwa bila hasira.

Fundi wa ndege ni mtu ambaye abiria hamwoni. Huenda akafanya kazi usiku kucha akikagua injini na magurudumu, kisha hutia sahihi yake kwamba ndege yafaa kuruka. Zamani mafundi wa Northwest walikuwa katika chama kikubwa cha wafanyakazi, IAM, pamoja na wapakia mizigo na makarani. Mwaka 1998 mafundi na wasafishaji wa ndege walipiga kura wakahamia AMFA, chama kilichojengwa juu ya ufundi. Mafundi wengi waliona kwamba ujuzi wao haupewi thamani yake maadamu wanahesabiwa katika kundi moja na wengine wote. Na kweli, mkataba wa mwaka 2001 uliwaletea nyongeza kubwa ya mshahara. Lakini walioachwa nyuma hawakusahau kwamba waliachwa.

Siku mbaya zikaja. Shirika lilikuwa likipata hasara, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Liliwataka mafundi na wasafishaji wakubali mishahara ipunguzwe kwa kiasi cha robo, na nafasi zipatazo 2,000 kati ya 4,400 ziondolewe. Siku 30 za kungoja zilipokwisha, tarehe 20 Agosti 2005, wakagoma. Lakini shirika lilikuwa limejiandaa kwa miezi mingi. Mafundi wa kushika nafasi zao walikuwa tayari, na baadhi yao ni watu waliopoteza kazi kwingine, wenye watoto wa kulisha kama wewe na mimi. Marubani wakawapita wagomaji langoni, wahudumu wa ndege wakawapita, na wapakia mizigo nao wakawapita. Ndege zikaruka.

Mwezi Septemba shirika lilianza kuajiri mafundi wapya wa kudumu, na tarehe 14 ya mwezi huo likakimbilia mahakamani kuomba kinga ya wafilisi. Ndipo zamu ya wengine ikafika. Mwaka 2006 marubani walikatwa mishahara tena, na wapakia mizigo nao walikatwa. Wahudumu walikataa masharti kwa kura mara mbili. Wakawekewa masharti wasiyoyataka, na mahakama ikawazuia wasigome. Mgomo wa mafundi ulifungwa Novemba mwaka huo, na wengi hawakurudi kazini kamwe.

Hatusemi kwamba wote wangalisimama pamoja, shirika lingalipona na kila mtu angalibaki na mshahara wake. Hasara ilikuwa ya kweli, na umoja haushushi bei ya mafuta. Wala hatumhukumu rubani aliyepita langoni akiwaza karo ya mwanawe. Jambo tunalolipima ni lile wazo lililokuwa moyoni: "Wao walituacha, sasa waonje."

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba sisi ni viungo vya mwili mmoja, na kwamba hakuna kiungo kiwezacho kumwambia mwenzake kuwa hamhitaji. Mafundi walikuwa jicho lililojivuna. Wapakia mizigo wakawa mkono uliokataa kulifuta jicho lilipoingiwa na mchanga. Jicho lilikosa kwanza. Hilo ni kweli. Lakini mkono ukishangilia jicho linapopofuka, utashika njia gani?

Hapa ndipo tuonapo jibu la swali letu. Wajibu wa kusimama na mwenzetu haungoji mpaka yeye astahili. Kama ungengoja, usingemfikia mtu yeyote, maana hakuna mahali pa kazi pasipo na kinyongo cha zamani: huyu hakutuchangia msiba, yule alipandishwa cheo akatupita. Mwajiri mwenye nia ya kupunguza watu hana haja ya kutugawa. Hutukuta tumekwisha kugawanyika.

Wazee walituambia: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wengi wetu tumeishika methali hiyo vizuri sana. Tukisikia idara ya pili imepunguzwa, twaenda haraka kulowesha vichwa vyetu: twanyamaza, twaonyesha bidii mbele ya mkubwa, twajitenga na mwenye mkosi. Je, haikutupasa kwanza kumwendea anayenyolewa na kumwuliza kwa nini ananyolewa, na kwa haki gani? Je, hatungeweza kulipa ada ya chama na kuhudhuria mkutano wake kabla wembe haujatufikia?

Basi siku nyingine mtu akisimama kushukuru kwamba kazi yake imesalia, tuitike Amina kwa furaha. Kisha tumwulize, kwa upole, majina ya wale ambao hawakusalia, ili tuwaombee kwa majina, na wiki hiyo hiyo tuwaendee nyumbani kwao.