Kudra, Mkono wa Mtu na Jasho la Asha

Bunilizi zinazosawiri maangamizi ya mazingira katika wakati ujao aghalabu hupimwa kwa ukubwa wa maangamizi yenyewe. Kipimo hicho hakitoshi. Lugha yetu ina njia mbili za kulieleza janga: ama ni kudra, ama kuna mkono wa mtu, na uamuzi wa mtunzi baina ya hizo mbili ndio unaoufungua au kuufunga mlango wa swali la maadili.

J.G. Ballard, katika riwaya yake The Drowned World (1962), aliufunga. London imezama majini kwa sababu ya dhoruba za jua. Hapana aliyekosa, na Kerans, mhusika mkuu, anaelekea kusini kwenye joto zaidi pasipo kumdai mtu wala kudaiwa. Ni riwaya nzuri, ila haina wa kushtakiwa.

Pumzi (2009), filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu (jina ni la Kiswahili, mazungumzo ni ya Kiingereza), inaanzia kwenye mkono wa mtu. Ni miaka 35 baada ya Vita vya Maji. Wakazi wa Maitu wamejifungia ndani. Maji wanagawiwa kwa kipimo, mkojo na jasho lao husafishwa wakanywa tena, na umeme hutokana na miili yao inayohangaika juu ya mashine. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo ulio hai, anaotesha mbegu, ananyimwa kibali cha kutoka, anatoroka. Jangwani anaumwagia mche maji yake ya mwisho, anaukamulia jasho lake, na anakufa akiukinga na jua.

Wengi wataliita tendo hili kujitoa mhanga. Mimi nasita. Jasho la Asha lilikuwa likichukuliwa tangu hapo. Alipokaidi, adhabu yake ilikuwa mashine zizo hizo. Je, aliyekamuliwa maisha yake yote aweza kutoa kwa hiari kile alichozoea kunyang'anywa? Huenda uhuru wake umo papo hapo, kwamba safari hii anamchagua mwenyewe wa kumpa. Hata hivyo, deni limelipwa na asiyelikopa. Kamera inapopaa na msitu kuonekana, Baraza lililomnyima kibali lingali ndani, halijaulizwa neno.